Luqmani wa Kinole na Uso Usio na Jina

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Machi 1992, katika kijiji cha Kinole, ilisikika honi moja ya lori, ndefu, isiyokatika, ikiteremka kutoka juu kuelekea kona ya mtoni, kisha ikanyamaza.

Ndugu waombolezaji, historia ya marehemu huanza na siku aliyozaliwa, lakini ya mpendwa wetu Luqmani inaanza na honi hiyo, miezi sita kabla hajazaliwa, na familia imekubaliana isomwe kama ilivyo, bila kupunguzwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitumia maisha yake mafupi kutafuta kitu kilichopotea katika kona ile. Lori lilikuwa limebeba ndizi za sokoni Dar es Salaam, mvua za masika zilikuwa zimeanza, breki zilikataa, na dereva alipiga honi kuwaonya watu wa nyumba za chini, mpaka lori lilipopinduka. Juu ya ndizi alikuwa amekaa Maneno Kondo, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa kiume wa pekee wa Mzee Kondo na Bibi Mwanahawa, ambaye alifariki palepale.

Dereva alinusurika, akavunjika mguu, na mahakama haikumkuta na kosa. Siku ya saba ya msiba alikuja, mguu ukiwa na plasta, akitembea kwa magongo, kuomba radhi, na Bibi Mwanahawa alitoka nje, akamtazama mbele ya watu wote, akasema, "Mimi nimekusamehe kwa Mungu, lakini jina lako lisitamkwe tena katika ukoo huu, si na mkubwa, si na mtoto." Hakuna aliyempinga, kwa sababu kwetu Uluguru mtoto huhesabiwa kwa mama yake, na mjomba ndiye anayesimama na watoto wa dada zake, hivyo kila aliyekuwepo alielewa ni kitu gani kilichovunjika. Walikubali wote, akiwamo Sabra, binti wa Mzee Kondo, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, aliyesimama mlangoni siku hiyo akiwa na mimba ya dereva huyohuyo, mimba ambayo hakuna aliyeijua, hata dereva mwenyewe. Mtu yule aliondoka Kinole jioni ile kwa magongo yake, na hakuonekana tena.

Marehemu Luqmani alizaliwa tarehe 30 Septemba 1992, katika zahanati ya kijiji, akiwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa mama yake, na kwenye kadi ya kliniki, palipotakiwa jina la baba, muuguzi aliandika Kondo, jina la babu yake. Wakubwa walihesabu miezi, wakamkumbuka dereva, wakajua, wakanyamaza. Bibi Mwanahawa ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kutembea kwenye ngazi za udongo za shamba la migomba, ndiye aliyemwamkia mtoto huyu kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote, na katika miaka yote hiyo ya upendo mkubwa hakuwahi hata mara moja kumwambia ni mtoto wa nani.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, ambako wenzake walimwita Luqmani wa Babu, naye akacheka nao, kwa kuwa mtoto akichekwa kila siku hujifunza kuwahi kucheka. Mwaka 2007 alijiunga na sekondari mjini Morogoro, akaishi na mama yake huko Mwembesongo, mama akiuza vitumbua asubuhi na maandazi jioni, akamaliza kidato cha nne mwaka 2010 kwa daraja la nne, na daftari lake la jiografia, ambalo mama amelitunza, lina kurasa sita za jiografia na zilizobaki zote ni nyuso za watu. Mwaka 2012 alipata cheti cha kompyuta, na kuanzia Februari 2013 aliajiriwa katika duka la stesheneri karibu na stendi ya Msamvu, akichapa barua, akitoa kopi, na nyuma ya kila kopi iliyoharibika akichora abiria waliokuwa wakisubiri mabasi.

Hapo ndipo alipokutana na Dada Josephina, ambaye leo yuko nasi, mwenye studio ndogo ya vyumba viwili Mwembesongo, aliyejifunza nchi jirani kazi ya kutengeneza katuni zinazotembea. Januari 2016 alileta karatasi zake zitolewe kopi, karatasi za storibodi, yaani hadithi nzima ikiwa imechorwa kwa picha ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu kabla ya katuni kuanza kutembea, na Luqmani alipomrudishia alisema, "Dada, samahani, huyu mtoto picha ya tatu amepoteza ndala ya kushoto, picha ya nne amepoteza ya kulia." Josephina akatazama, akauliza, "Nani kakuomba ukague?" Luqmani akajibu, "Hakuna, dada, nilikuwa natoa kopi tu." Josephina akamwambia, "Basi Jumatatu uje usitoe kopi."

Alianza kujifunza tarehe 18 Januari 2016, akifagia studio asubuhi na kuchora mpaka jioni, akafundishwa kwamba kichwa ni yai kabla hakijawa kichwa, kwamba mwili una mstari mmoja wa mwendo unaopita kutoka kisigino hadi kisogo na mstari huo ukifa mtu mzima anakuwa gogo, kwamba mhusika hawezi kupiga hata hatua moja mpaka achorwe kwanza kwa mbele, kwa ubavu, kwa robo tatu na kwa mgongo, akiwa yuleyule pande zote, kwenye karatasi moja yenye jina lake juu. Aliyapokea yote haraka, isipokuwa jambo moja lililomtesa miezi minne. Kila alipochora mandhari ya kuwaweka wahusika, ardhi yake ililala mshazari, nyumba zilikuwa na msingi mrefu upande mmoja, na watu walisimama goti moja likiwa limekunjwa, kama wanaopanda kwenda shambani. Josephina alikuwa akiweka glasi ya maji mezani na kusema, "Maji yametulia, Luqmani, hapa ni sebuleni kwa watu, siyo Kinole," naye anafuta, anachora upya, na sebule inainama tena, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuishi utotoni mwake mahali ambapo mguu wa kulia na wa kushoto iko sawa. Wenzake walisema katuni za Luqmani zinahitaji magongo. Alicheka nao, kisha akajifunza kuchora sakafu.

Tarehe 6 Januari 2018 alifunga ndoa na Shamsia, binti wa jirani, hapo Mwembesongo, na wengi mnakumbuka pilau na ngoma, lakini wachache walisikia sheikh alipouliza kwa upole, "Bin nani?" na bwana harusi akasema, "Kondo," na sheikh akauliza, "Kondo ni baba au babu?" na Luqmani, mbele ya mashahidi, akasema, "Ni babu." Kuanzia siku hiyo, anasema Shamsia, mumewe hakuupanda tena mlima kwenda kusalimia bila kumpigia magoti bibi yake na kuomba, "Bibi, nipe jina tu, sitamtafuta," na Bibi alikuwa akijibu kila mara, bila hasira, "Niulize jingine, mjukuu wangu." Mtoto wao mmoja, Faraja, alizaliwa tarehe 3 Machi 2020.

Mwishoni mwa mwaka wa ndoa yao, 2018, studio ilipata kazi ya katuni fupi kumi na mbili kuhusu familia moja ya milimani, na hapo ardhi ya mshazari ya Luqmani ikawa si kosa tena, akapewa kuchora mandhari zote, na akapewa pia kumbuni baba wa familia. Josephina alikuwa ameshachora mama na mtoto, akamwambia, "Kumbuka baba lazima afanane na mwanawe, mtazamaji asiulize huyu ni nani yake." Siku tatu hakuchora kitu. Siku ya nne alimwomba kinyozi wa jirani kioo cha pili, akajitazama mbele na ubavu kwa vioo viwili, akachora uso wake mwenyewe, kisha akachora uso wa mama yake kwa ukubwa uleule. Studio wana sanduku lenye kioo juu na taa ndani, ambalo juu yake mchoraji hulaza karatasi juu ya karatasi ili mistari ya chini ionekane, na juu ya sanduku hilo Luqmani aliuweka uso wake juu ya uso wa mama yake, akaweka karatasi ya tatu, akaanza kufuata kwa penseli mistari yake yote ambayo mama yake hakuwa nayo. Macho yalikuwa ya mama, akayaacha. Paji la uso lilikuwa la mama, akaliacha. Kilichobaki kilikuwa taya refu, masikio yaliyosimama, nyusi moja iliyopanda juu ya nyingine, na shingo inayotangulia mwili, akaviunganisha, akampa mtu huyo na mwendo wake mwenyewe, wa vidole vinavyotazama nje. Karatasi ilipokamilika pande zote nne, palipotakiwa jina hakuandika kitu, na Josephina alipouliza alijibu, "Tumwite Baba tu, dada, litakuja."

Tarehe 14 Septemba 2019, baada ya magharibi, katuni hizo zilionyeshwa Kinole, kwenye shuka jeupe lililofungwa ukutani mwa shule. Watoto walikaa mbele, akina mama pembeni, Bibi Mwanahawa akawekewa kiti, na Mzee Abdi, mtani wa ukoo wetu, ambaye alikuwa hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi ya mtu, alikuwa akimpigia Luqmani kelele, "Waluguru mnachora migomba vizuri kwa sababu ndiyo shule mliyosoma! Hebu tuonyeshe na watu!" Kisha Baba akatokea kwenye shuka, akiteremka na mkungu wa ndizi begani, taya mbele, vidole nje. Watoto wakaangua kicheko. Wakubwa wote wakakaa kimya, kimya kilichopita safu moja hadi nyingine mpaka kikafika mwisho wa uwanja, na Mzee Abdi, aliyekuwa amefungua mdomo, akaufunga. Luqmani alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuonyeshea picha, akawaona watu wa kijiji chake wakimtambua mtu ambaye yeye hamjui.

Mama Sabra alimvuta nyuma ya darasa, akamuuliza, "Nani kakwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Nani kakuonyesha picha yake? Sema, ni nani katika kijiji hiki?"

"Sijaonyeshwa na mtu. Nimekutoa wewe usoni mwangu, mama, kilichobaki ndicho hicho."

Mama alikaa chini kwenye majani, akajifunika khanga, akalia, na hakusema zaidi, kwa kuwa alikuwa amemshika mkono mama yake mwaka ule na kuahidi. Bibi Mwanahawa alitazama mpaka picha ya mwisho, akaomba arudishwe nyumbani, na asubuhi yake akamwita mjukuu wake, akamwambia, "Umechora vizuri. Usimchore tena."

Luqmani alitii. Ilipokuja kazi ya sehemu ya pili, mwaka 2021, alikataa kumchora Baba, na Josephina, aliyekuwa amekwisha kusaini mkataba, akamwambia, "Mdogo wangu, mhusika hawezi kufa kwa sababu bibi yako kakasirika." Luqmani akasema, "Dada, kwako ni mhusika." Waliandika upya storibodi zote, wakasema Baba amesafiri, na waliozitazama watakumbuka familia ile ikila chakula huku sahani moja ikiwa imefunikwa, katika mandhari nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, milima ikipanda mpaka ukingo wa picha. Hakuna sehemu ya tatu iliyoombwa. Alibaki studio akiwafundisha wanafunzi wapya, kumi na mmoja kwa jumla, nao wanasema alikuwa mpole kwa kila kosa isipokuwa moja, hakuvumilia karatasi ya mhusika iletwe mezani kwake bila jina juu, alikuwa akiirudisha bila kuitazama, akisema, "Mpe jina kwanza, hata baya, ndipo nimtazame."

Maradhi yake yalianza Oktoba 2023, kwa kuishiwa pumzi akipanda njia ambayo alikuwa akiipanda mbio tangu utoto, miguu ikavimba, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo wake umetanuka na misuli yake imechoka. Daktari aliuliza kama kuna mtu upande wa mama aliyeugua moyo, akajibiwa hakuna, kisha akauliza upande wa baba, akaeleza kwamba maradhi ya aina hii wakati mwingine hutembea katika damu ya familia, na kwamba hata mtoto Faraja ingefaa apimwe. Mama Sabra alitoka nje ya chumba. Aliporudi alikuwa ameamua kuvunja ahadi yake ya miaka thelathini na moja, akainama sikioni mwa mwanawe kulisema jina, na Luqmani, ambaye hakuwa ametaka kitu kingine chochote kwa nguvu kama hiyo, akamwekea mkono mdomoni, akasema, "Usiapizwe kwa ajili yangu, mama. Lisemwe na aliyelifunga. Na Bibi asiambiwe swali la daktari, nisije nikapewa jina kwa sababu anaogopa nitakufa."

Hivyo Bibi hakuambiwa. Faraja alipimwa, na tunamshukuru Mungu kwamba moyo wake kwa sasa ni mzima, ingawa atarudi kila mwaka. Luqmani aliendelea kupanda Kinole kila alipopata nafuu, na alipoacha kuweza kupanda alituma salamu, na ndani ya salamu lilikuwamo ombi lake, na jibu lilirudi lilelile. Miezi ya mwisho alichorea kitandani, mto ukiwa meza yake, na Shamsia anasema alikuwa akichora sakafu, vyumba vitupu vyenye sakafu iliyotulia sawasawa, kimoja baada ya kingine, bila mtu ndani, na alipoulizwa anamwandalia nani nafasi alisema hajui. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 2 Agosti 2025, akafariki tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, ameacha mke, mtoto mmoja, mama na bibi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili bila kuchoka na maswali yetu, inawashukuru majirani wa Mwembesongo waliobeba maji, kuni na viti tangu jana, inamshukuru Dada Josephina na wanafunzi wa studio waliokesha na Shamsia, inamshukuru sheikh wa msikiti wetu, inawashukuru ndugu walioteremka kutoka Kinole usiku, wakiwa wamembeba Bibi kwa machela mpaka barabarani, na Mzee Abdi, mtani wetu, ambaye tangu afike hajatania, na tunamwambia hilo tumeliona.

Karatasi hii iliandikwa kuanzia jana hadi alfajiri, na mstari wa mwisho uliachwa na nafasi wazi, kwa kuwa marehemu huagwa kwa jina lake kamili. Yanayofuata yameongezwa leo: saa mbili asubuhi Sufiani, mtoto wa mama yake mdogo, aliyepewa kazi ya kuisoma, aliingia ndani kwa akina mama, akapiga magoti mbele ya Bibi Mwanahawa, ambaye ana miaka themanini na minne, akamwamkia, akamsomea yote tangu mwanzo, pamoja na swali la daktari ambalo Bibi alikuwa hajalisikia, pamoja na yale ambayo marehemu alimwambia mama yake akiwa amemwekea mkono mdomoni. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sufiani alipofika kwenye nafasi ile aliishusha karatasi.

"Mbona umeacha?" Bibi akauliza.

"Hapa panataka ubini wake, Bibi. Niweke Kondo?"

Akina mama wote walikuwa wameacha kulia. Mama Sabra alisogea, akamshika mama yake mkono, mkono uleule wa ahadi, na Bibi akautazama, akasema, "Kondo ni mume wangu. Maneno nimemlilia miaka thelathini na mitatu, na hakuna aliyenizuia. Huyu alikuja kwangu na magoti yake kila safari, akitaka neno moja, nami nikamteremsha mlima mikono mitupu. Andika, mwanangu. Uisome kwa nguvu, wanaume huko nje wasikie, na Abdi asikie, na kama yule mtu yuko hai popote na yeye asikie kwamba alikuwa na mtoto."

Sufiani akashika kalamu.

"Andika hivi. Pumzika kwa amani, mjukuu wangu, Luqmani, mtoto wa Sabra, mtoto wa Eustace. Eustace Rwechungura."